Uzi maalumu kwa tunaokagua kitu kilekile kutwa nzima: mnafanyaje msilale macho yakiwa wazi?

#1 Kizibo

Wakuu habari za mihangaiko.

Nipo kiwanda cha soda, jina la kiwanda liacheni lipumzike. Kazi yangu ni kukaa mbele ya taa. Chupa za kioo zinazorudi kutoka madukani zinaoshwa kwa maji ya moto yenye kostiki, zikitoka huko zinapita moja moja mbele ya ubao mweupe unaowaka kwa nyuma, na mimi nipo kwenye stuli upande huu. Mdomo umemeguka, natoa. Mrija umebaki ndani, natoa. Rangi ya ukuta, saruji, mende, vizibo vilivyokunjwa vikasukumiwa ndani (huwa najiuliza huyo mtu alikuwa na shida gani), natoa. Zinapita zaidi ya mia kwa dakika. Kwenye karatasi tunapokezana kila nusu saa. Mtu mmoja akiumwa, unakaa saa nzima.

Sasa tatizo. Dakika za mwanzo naona chupa. Baada ya hapo sioni chupa tena, naona kitu kama nguzo za umeme ukiwa kwenye basi la Dodoma: zinapita, unazijua zinapita, ukiulizwa nguzo ya mwisho ilikuwa ya mti au ya zege huna jibu. Macho yapo, mwenyewe sipo.

Ili nisisinzie nikaanza kuweka hedifoni sikio moja chini ya kofia. Muziki mwanzo, baadaye nikazoea mpira. Mwezi uliopita nilikuwa zamu ya mchana, watani wa jadi wanacheza, na mimi huku ndiyo taa yangu. Ikatokea penalti. Wakuu, naapa sikufumba macho hata kidogo. Nilikuwa naangalia chupa muda wote mpigaji anarudi nyuma. Robo saa baadaye dada anayekagua chupa zilizokwisha kujazwa akasimamisha mkanda. Soda ya chungwa, imefungwa vizuri, kizibo kinang'aa, na ndani mrija wa pinki umesimama wima kama mlingoti wa jahazi.

Supavaiza hakunifokea. Aliichukua ile chupa akaiweka juu ya meza ya kusainia zamu, ikakaa pale siku tatu. Ningetukanwa ningeona nafuu.

Hedifoni nimeziacha. Lakini kimya nacho kinaniua. Nyie wenzangu mnaokagua mnajiburudisha na nini kisichokula kazi?

#2 Winga wa Kulia

Pole mkuu. Kwanza tuambie, hiyo penalti iliingia?

#3 Kizibo

Iligonga mwamba. Yaani nimeharibu kazi kwa ajili ya mwamba.

#4 Mama Nanyamba

Mwanangu Kizibo pole sana, hayo tunayajua.

Mimi nimepanga korosho madaraja huku kusini miaka kumi na minne. Zikishabanguliwa, zikakaushwa na kumenywa ngozi, zinamwagwa mezani kwetu, na kila mtu ana trei zake. W180 ndiyo kubwa kabisa, maana yake punje nzima nyeupe 170 hadi 180 zinatimiza ratili moja. Halafu W240, W320, unashuka hivyo. Hatuzihesabu, jicho ndilo mizani. Humo humo unatoa zilizoungua, zenye ngozi iliyogoma, zenye tundu la mdudu, zilizopasuka. Punje nyeupe juu ya meza nyeupe, asubuhi hadi jioni. Wengine walikuwa wanaota usiku wanapanga korosho, mume anaamshwa na mtu anachambua shuka.

Basi nikwambie tulichogundua wenyewe. Tukiimba, kazi inaenda. Nyimbo za unyagoni, kwaya, nyimbo za harusi, zile ambazo kila mtu anazo kichwani tangu utoto. Mmoja anaanza, wengine wanapokea, mikono inapata mwendo. Lakini siku mtu akileta umbea mpya, labda fulani kakimbiwa na bwana harusi, utaona mikono inaendelea vilevile ila ukija kupima trei jioni, zilizoungua zimekaa na nyeupe kama ndugu.

Wimbo unaoujua haukufanyi uulize "halafu?" Umbea unakufanya uulize. Mpira nao ni "halafu" mtupu, penalti ndiyo usiseme. Kitu chochote chenye "halafu ikawaje" kinakuibia jicho. Hiyo ndiyo sheria ya meza yetu, na wageni tunaambiana siku ya kwanza: hadithi subirini wakati wa chai.

#5 Gundi na Katoni

Mama shikamoo. Ila mimi napinga kidogo. Nafunga katoni ghala moja Nairobi, nasikiliza simulizi za sauti saa nane mfululizo na sijawahi kukosea hata lebo. Bila hizo simulizi ningeshaacha kazi mwaka jana.

#6 Mama Nanyamba

Marahaba mwanangu. Wewe unafunga. Katoni ikikaa vibaya mkono unakwambia. Kwenye korosho mkono haukwambii kitu.

#7 Usalama Kwanza

Mama kapiga palepale. Kule Cuba, kwenye viwanda vya sigara za kukunja kwa mkono, tangu 1865 wafanyakazi huwa wanasomewa kwa sauti. Msomaji anakaa juu ya kijukwaa, anawasomea magazeti na hadithi, na kwa miaka mingi wafanyakazi wenyewe ndio waliokuwa wanachangishana kumlipa. Inawezekana kwa sababu vidole vya mkunja sigara vinajua kazi hata akili ikiwa safarini. Mkaguzi hana bahati hiyo.

Kizibo, usijilaumu sana kuhusu nguzo za umeme, huo ni ubinadamu na umepimwa zamani. Wakati wa vita kuu ya pili Waingereza walishangaa watu wa rada kwenye ndege wanaotafuta manowari: wanakaa mbele ya kioo, alama inatokea, hawaioni. Mwanasaikolojia Norman Mackworth akatengeneza saa isiyo na namba, mshale wake unaruka hatua moja kila sekunde. Mara chache sana unaruka hatua mbili, na hapo ndipo unabonyeza kitufe. Watu wakakaa nayo saa mbili. Matokeo yake yalitoka 1948: ndani ya nusu saa ya kwanza tu uwezo wa kuuona ule mruko ulikuwa umeshuka, na wale walikuwa vijana wazima wa jeshi. Hiyo nusu saa yenu ya kupokezana ina sababu. Anayekukalisha saa nzima kwa kuwa mwenzako anaumwa, anaokota mirija yake mwenyewe.

Ila kuna jambo la pili ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi. 2005 Jeremy Wolfe na wenzake Marekani waliwapa watu picha zilizojaa vitu, watafute kifaa fulani. Kifaa kilipokuwa kwenye nusu ya picha, watu walikikosa mara 7 katika kila 100. Kilipokuwa kwenye picha moja tu kati ya 100, walikikosa mara 30. Kifaa ni kilekile na macho ni yaleyale. Kilichobadilika ni kwamba jicho limeshazoea kusema "hakuna". Kizibo, ni chupa ngapi mbovu unatoa kwa saa?

#8 Kizibo

Inategemea mzigo. Ukitoka mijini unaweza kuona mbovu chache sana kwa muda mrefu. Kwenye mzigo wa mnadani au sehemu za ujenzi mikono haipumziki. Na sasa umenifungua macho: siku za mzigo mchafu huwa sisinzii hata kidogo, narudi nyumbani nimechoka ila akili imechangamka. Mzigo msafi ndio unaniua. Nilidhani ni mimi mvivu.

#9 Jembe Halilali

Mnazunguka mbuyu. Hii ni nidhamu. Baba zetu walilinda ghala usiku kucha bila hedifoni wala Mackworth. Vijana mnataka kazi iwe na burudani, kazi si ngoma. Na msipoangalia italetwa mashine ya kamera, mtakagua vizuri sana mkiwa nyumbani.

#10 Mlinzi wa Skrini

Mkuu #9, baba zetu walinzi tuliwakuta wamelala, tuseme ukweli.

Nipo Doha mwaka wa sita, kwenye chumba cha kamera za ulinzi cha jengo kubwa. Skrini kumi na mbili, baridi ya kiyoyozi kama Makambako mwezi wa saba. Kinachonisaidia ni mambo madogo madogo: bigijii, kusimama kila ninapobadilisha safu ya skrini, maji ya baridi, na kutokula wali wa kushiba kabla ya zamu. Wenzangu Wafilipino wanatafuna mbegu za maboga. Mdomo ukifanya kazi usingizi unakosa pa kukaa, ingawa siwezi kusema bigijii imewahi kunionyesha mwizi.

#11 Nahodha Mstaafu

Salaam aleikum jamaa. Mimi ni mtu wa Mombasa, nimefanya chumba cha injini kwenye meli ya Wajapani. Wale watu wana desturi ambayo mwanzoni sote tuliiona kichekesho. Ukikagua geji, huangalii tu. Wanyoosha mkono, kidole kinaelekea geji yenyewe, na wasema kwa sauti: "Shinikizo la mafuta, sawa!" Ukimaliza waenda ya pili. Peke yako chumbani, hakuna akusikiaye, na bado wapiga kelele kama muadhini.

Walianza nayo kwenye reli zao. Taasisi yao ya utafiti wa reli iliwahi kuwapima watu kwa kazi rahisi: bila kidole wala sauti walikosea mara 2.38 kwa kila vitendo 100, kwa kidole na sauti pamoja wakakosea mara 0.38. Hata New York makondakta wa treni za chini kwa chini hunyoosha kidole kwenye kibao cha milia kila kituo, tangu 1996.

Kizibo hawezi kunyooshea chupa mia kwa dakika, mkono utang'oka. Lakini aweza kutamka. Si kila chupa. Atamke atafutalo: "mdomo" dakika hii, "ndani" dakika inayofuata, "kitako" baadaye.

#12 Fildi Mia

Mimi ni wa maabara, kituo cha afya mkoa wenye malaria ya msimu. Slaidi ya malaria ukiiweka chini ya hadubini, huruhusiwi kuandika "hakuna" mpaka uwe umepita angalau fildi 100 kwa lenzi ya mafuta, fildi ni lile duara unaloliona kwa mara moja. Slaidi moja. Sasa weka slaidi arobaini mezani mwezi wa tisa, kiangazi, ambapo zote arobaini hazina kitu. Ni fildi elfu nne za kutoona chochote.

Nikiri hapa kwa kuwa hamnijui: kuna mwaka nilianza kupita fildi kama mtu anayefagia uwanja akisubiriwa na bodaboda. Sikuwa nadanganya namba, kaunta ya mkononi ilikuwa inasoma mia. Kidole kilikuwa kinahesabu chenyewe. Bosi wangu, mama mmoja mkimya, akachomeka kwenye trei slaidi ya kabatini ambayo tayari inajulikana ina vimelea, wachache, mmoja mmoja kila fildi kadhaa. Nikaandika "hakuna". Aliniita akanirudisha kwenye hadubini, akakaa pembeni anamenya chungwa. Nilikiona kwenye fildi ya ishirini na kitu: kile kipete cha bluu chenye kitone chekundu, kimetulia kinanitazama. Niliipita fildi hiyo asubuhi.

Hakuniandikia barua. Ila tangu siku hiyo kila wiki kulikuwa na slaidi yake humo ndani, siku haijulikani, saa haijulikani. Wakuu, kazi ilibadilika. Nilianza kuingia asubuhi nikisema leo hanipati. Trei ileile, fildi zilezile, ila sasa nawinda. Sijawahi kuhitaji redio tena.

#13 Mji Kasoro

Fildi Mia umenikumbusha kitu cha nyumbani Morogoro, na naomba mtu asicheke. Mnawajua panya buku wa shirika la APOPO pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine? Wale wanaonusa mabomu ya ardhini, na wengine wananusa makohozi kutafuta kifua kikuu. Panya mmoja anapita sampuli 100 kwa dakika kama 20. APOPO wenyewe husema mtu wa maabara angehitaji siku nne.

Sampuli zinapangwa chini ya vitundu, panya anatembea tundu hadi tundu, akigundua anaganda na kukwaruza. Akipatia anasikia "kliki" na kupewa ndizi iliyopondwa. Tatizo ni kwamba sampuli za wagonjwa hakuna anayejua jibu lake, ndiyo maana zimeletwa. Sasa utamzawadia vipi panya kwa jibu usilolijua? Na asipozawadiwa asubuhi nzima, anaacha kazi, kwa nini ajitese. Kwa hiyo wanachanganya humo sampuli ambazo tayari zinajulikana zina ugonjwa. Panya akizipata, ndizi. Moyo unabaki kazini, na hapo hapo wanapima kama pua bado iko sawa.

Panya kafikiriwa hivyo. Mtu wa chupa kapewa stuli.

#14 Winga wa Kulia

😂😂 "Mtu wa chupa kapewa stuli." Nafunga simu nikalale.

#15 Usalama Kwanza

Hata viwanja vya ndege ni hivyohivyo. Mashine za eksirei zina programu inayopachika picha ya bunduki ndani ya begi la abiria asiye na habari. Mkaguzi akibonyeza, inamwambia ilikuwa ya majaribio, umefaulu, endelea.

#16 Kizibo

Nimesoma uzi wangu mwenyewe nikasimama. Kwenye laini ya pili tuna mashine ya kamera inayokagua chupa (ndiyo #9, imeshafika, na bado tupo). Kila baada ya muda fundi anaileta seti ya chupa za majaribio, yenye mdomo uliomeguka, yenye uchafu kitakoni, anazipitisha. Mashine ikikosa hata moja, laini inasimama na inaandikwa kwenye daftari. Nimeona hilo kila siku kwa miaka mitano. Mashine isiyosinzia inapimwa kila zamu. Mimi ninayesinzia sijapimwa tangu niajiriwe.

Naenda kuongea na supavaiza. Mniombee.

#17 Jembe Halilali

Nenda. Ila ukirudishwa kijijini usiseme hatukukuonya.

#18 Kizibo

Mrejesho, wiki tatu baadaye. Samahani kwa kimya.

Supavaiza alikataa kwanza, na alikuwa na hoja: chupa mbovu ikishatoka laini haipaswi kurudi, kwa makusudi au kwa bahati mbaya. Nikamwambia ya mashine. Akanyamaza. Siku mbili baadaye akaniita na masharti: chupa sita tu, zioshwe, ziwekwe doa la rangi ya kucha kitakoni, dada wa chupa zilizojaa awe na orodha, na zamu haifungwi mpaka zote sita ziwe zimerudi kwenye kreti yake.

Anayezichomeka ni Mzee wetu wa mwisho wa mashine ya kuoshea. Mzee huyu kumbe alizaliwa kwa kazi hii. Uso haubadiliki. Anaweza kuziachia mbili zikifuatana halafu akae saa moja na nusu bila kitu, au akusubiri umalize kupiga miayo.

Siku ya kwanza nilikosa mbili kati ya sita. Mbili! Na nilikuwa najua zipo. Ndiyo ujue ile miaka mitano nyuma. Wa zamu ya pili alikosa tatu, hataki niandike jina. Sasa wiki hii nimekosa moja, ya mdomo, meno madogo sana, ukisema haipo nitakubali. Anayekosa ananunua vitumbua vya timu. Pesa tulikataa kwa kuwa tunafahamiana.

Kimya nacho kimepungua ukali. Naimba, Mama Nanyamba, nyimbo za Shule ya Jumapili, na ushauri wa Nahodha nautumia kwa kunong'ona: mdomo, ndani, kitako. Jirani yangu alidhani nasali.

#19 Mama Nanyamba

Mwanangu umefanya vizuri. Vitumbua vinatoka wapi?

#20 Kizibo

Getini mama, shilingi mia mbili kimoja, vina hiliki.

#21 Fildi Mia

Swali la kitaalamu. Ikitokea chupa ya sita haijarudi na zamu imeisha?

#22 Kizibo

Ilitokea Alhamisi. Tano kwenye kreti, ya sita haipo. Laini ikasimamishwa. Dada akafungua palati nzima ya mwisho, tukakagua soda moja moja kwa tochi, supavaiza kavua koti, mimi najiona tayari niko kituo cha basi na begi. Dakika kumi na saba.

Ndipo mtu akaenda kumuuliza Mzee aliiachia saa ngapi. Mzee akaangalia pembeni ya stuli yake. Ilikuwa hapo, ina maji nusu na ua la mwarobaini. Anasema alikuwa anasubiri nizubae, na sikuzubaa, akasahau.